Tusingoje Kayongo Lichanue

Na Rose Akinyi

Wiki jana shangazi yangu alinipeleka shambani kwake, Siaya. Mahindi ambayo wakati huu yangekuwa yamenipita kimo yalinifika magotini, majani yamenyauka kana kwamba hayajaona tone la mvua, ilhali ilikuwa imenyesha usiku kucha. Katikati ya mistari, maua ya zambarau yalikuwa yamestawi. Shangazi aling'oa bua moja taratibu, akakung'uta udongo. Vijizizi vyeupe vilikuwa vimeng'ang'ania mizizi ya mahindi.

"Ona, mwanangu. Mimi nalima, huyu anakula."

Gugu hilo ndilo kayongo. Jirani zetu Watanzania huliita kiduha. Mbegu yake, laini kama ugoro, huweza kulala udongoni hata miaka 20. Mzizi wa mahindi, mtama au wimbi ukipita karibu, kemikali zake huiamsha. Huushika mzizi huo na kuanza kunyonya maji na chakula. Gugu linapochomoza juu, hasara imeshatokea chini. Si ajabu wengi wameamini mashamba yao yamerogwa. Na mmea mmoja humwaga mbegu maelfu kwa maelfu, kwa hiyo anayeling'oa likiwa limekomaa na kulitupa njiani amempandia jirani.

Dawa ipo, tena ilipatikana hapa hapa kwetu. Miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha ICIPE pale Mbita wakiongozwa na Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa taasisi ya utafiti ya Rothamsted, Uingereza, walibuni mbinu ya vuta-sukuma: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, nyasi ya nepia pembeni. Mizizi ya desmodiamu huamsha mbegu za kayongo kisha huzizuia kuushika mzizi wa mahindi, zikafa kwa njaa. Isitoshe, desmodiamu hurutubisha udongo, na ng'ombe huila.

Shangazi anayajua hayo yote. Alizunguka maduka matatu akitafuta mbegu za desmodiamu, akarudi mikono mitupu. Mbolea ya ruzuku, mfuko wa kilo 50 kwa Sh2,500, aliipata. Ni jambo jema, maana kayongo hupenda udongo uliochoka. Lakini mbolea peke yake haiwezi kumaliza mbegu zilizorundikana ardhini miaka nenda miaka rudi.

Magavana wa Siaya, Busia, Vihiga, Kisumu na Homa Bay, wekeni mbegu za desmodiamu kwenye maghala yale yale ya mbolea kabla ya mvua za Machi. Nawe mkulima, ukiona kayongo, ling'oe kabla halijachanua, ulichome moto.