Picha ya Bibi Isisubiri Jeneza

Nenda kwenye msiba wowote hapa Nyamisangura uangalie picha iliyowekwa mbele ya jeneza. Mara nyingi imekuzwa kutoka kwenye kadi ya mpiga kura au kitambulisho cha taifa. Macho yamemtoka marehemu, midomo imebanwa, masikio yamesimama. Aliishi miaka 80, akalima, akalea, akazika wenzake, akasuluhisha ugomvi wa ukoo mzima. Leo tunamuaga kwa sura aliyopigiwa na karani mwenye foleni ndefu na dakika moja ya kumhudumia.

Nasema hili ni jambo la aibu, na nasisitiza kwamba si aibu ya umaskini. Katika msiba huohuo, wajukuu waliokaa chini ya turubai wana simu zenye kamera. Humo kuna picha za chakula, za viatu, za send-off ya rafiki. Picha ya bibi ipo moja, na ndani yake bega la mjomba limemziba nusu ya uso.

Picha ya kitambulisho yenyewe siilaumu. Inafanya kazi yake, nayo ni kumwezesha mtu asiyekujua akukague. Ila kazi hiyo ina historia chafu. Mwaka 1970, wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid huko Massachusetts, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba vifaa vya mwajiri wao vinatumika Afrika Kusini kutengeneza picha za vitabu vya pasi, vile ambavyo Mwafrika alilazimishwa kutembea navyo katika nchi yake mwenyewe. Wakaanzisha kampeni ya kuisusia kampuni hiyo, na mwaka 1977 ikajiondoa Afrika Kusini. Sisemi kitambulisho chetu ni pasi ya makaburu. Nasema picha iliyopigwa kwa jicho la mkaguzi haiwezi kufanya kazi ya picha iliyopigwa kwa jicho la mjukuu, na sisi tumeiachia kazi zote mbili.

Ukiwauliza vijana wenzangu, jibu la kwanza ni vifaa. Hatuna kamera kubwa, hatuna taa za studio. Jibu hili lilishakufa kabla hatujazaliwa. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Alikuwa amesomea useremala, si upigaji picha. Alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa tandiko la kitanda chake. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi alimpiga mtu picha moja tu. Leo picha hizo zinatundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani. Wewe una simu inayopiga picha mia bila gharama, halafu unasema huna vifaa?

Tatizo letu si upungufu wa mwanga, ni kutokujua kuutumia. Tarime iko kidogo zaidi ya digrii moja kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, linachimba mashimo meusi chini ya nyusi na kumkunja mtu uso. Na hiyo ndiyo saa tunayowapanga wazee uani, tukiwaambia wacheke.

Warudishe ndani. Fungua mlango saa mbili asubuhi au saa kumi jioni, uchague mlango ambao jua haliingii moja kwa moja. Mketishe bibi hatua moja ndani ya kizingiti, kiti chake kikiangalia mlango kwa upande. Mlango huo ni taa kubwa kuliko utakayoikodi mjini, na chanzo cha mwanga kikiwa kikubwa na karibu, kivuli usoni huwa laini. Akisogea ndani zaidi, mwanga hupungua haraka, kwa hiyo usimfiche ukutani kule mwisho. Upande wa pili wa uso, mtoto ashike salfeti nyeupe au karatasi ya manila irudishe mwanga shavuni. Gharama yake haifiki nauli ya kwenda Musoma.

Usiku balbu ya darini itamtia vivuli vilevile vya saa sita. Izime, chukua taa ya kuchaji, uielekeze kwenye ukuta mweupe ulio karibu naye badala ya kuielekeza usoni. Ukuta ndio utakaommulika. Flashi ya simu iache kabisa. Na usimsogelee hadi nusu mita, maana pua itavimba na masikio yatarudi nyuma. Rudi hatua mbili, kisha vuta kwa zumu kidogo.

Sasa nije kwenye rangi ya ngozi, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi iliyofanana na yake ilitoka vizuri, nyingine zikajitegemea. Tungedhani somo limeeleweka. Lakini leo tunawasha wenyewe filta ya urembo, inamsafisha mama weusi wake na kumfuta mikunjo aliyoipata akitulea. Wengine wanaipa akili mnemba picha ndogo ya marehemu ili iikuze, nayo inabuni pua na macho pale isipoona kitu. Watoto watakaozaliwa kesho watamlilia mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Zima filta. Gusa uso wake kwenye skrini ili simu ipime mwanga hapo, isipime ukuta. Ikiupausha, shusha mwanga kidogo kwa kidole mpaka weusi wake urudi.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wapo wanaosema kumpiga mzee picha nzuri ni kumchuria, kama vile unamwandalia msiba. Bibi yangu aliniambia hivyohivyo: "Mura, mimi bado sijafa." Nikamjibu kwamba ndiyo maana nataka kumpiga sasa, na kwamba picha ni ya ukutani kwake. Aliingia chumbani akabadilisha kitenge, akachagua kiti mwenyewe, akakataa kucheka. Hiyo ilikuwa haki yake. Kwenye kitambulisho hakuna aliyemuuliza akae vipi. Anayechuria ni yule anayesubiri mpaka mzee awe kitandani hospitali, ndipo anatoa simu.

Kwa wapiga picha wa mjini, sina ugomvi na kazi yenu. Harusi tutawaita. Ila mtaalamu anamwona mama akiwa amevaa vya sherehe, amekaza shingo. Wewe unamjua anavyoshika kikombe cha chai na anavyoinamisha kichwa akimsikiliza mtu anayedanganya. Hicho mtaalamu hawezi kukijua kwa dakika ishirini.

Halafu ukimaliza, usiiache picha ndani ya simu. Simu huibiwa, huanguka kwenye maji, hufutwa ili kupata nafasi. Isafishe kwenye karatasi, andika nyuma jina lake kamili, mahali na tarehe, kisha umpe yeye kwanza. Usiipeleke mtandaoni kabla hajakuruhusu. Aitazame, aikosoe, aseme pua si yake, awaonyeshe majirani. Raha hiyo ni ya kwake angali hai, na karani hawezi kumpa.