Bwawa la Nyerere: nani anajua nyumba za bondeni?

Aprili 2024 mafuriko yalipowakumba ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti, huku ughaibuni tulibishana tu: ni mvua au ni maji ya bwawa? Haya, tubishane. Lakini milango ikifunguliwa tena, nani anajua nyumba ngapi ziko bondeni na njia ipi inafika penye mwinuko? Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo walianza kuchora kata zinazofurika tangu 2015, kupitia Ramani Huria. Sisi wenye intaneti ya uhakika tunaweza kuchora mapaa ya Rufiji kwenye OpenStreetMap kwa picha za setilaiti. Majina ya vitongoji, na maji ya zamani yaliishia wapi, wazee wa Utete na Muhoro ndio wanajua. TANESCO nao watuambie wakifungua maji yatafika wapi. Hiyo si siri ya jeshi, jamani.