Simu juu ya tumbo la mjamzito

Mama mjamzito akijilaza, simu mara nyingi huishia juu ya tumbo. Je, mtoto aliye tumboni yuko salama?

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakiongozwa na Dk Hugh Taylor, waliweka simu iliyo hewani, bila sauti, juu ya vizimba vya panya wenye mimba. Kundi jingine liliwekewa simu iliyozimwa. Watoto wa kundi la kwanza walipokua hawakutulia, na kumbukumbu yao ilikuwa dhaifu kuliko ya wenzao.

Hata hivyo, panya si binadamu. Mimba yake huchukua siku kama 19 tu, na watafiti wenyewe walisema uchunguzi kwa binadamu bado unahitajika.

Kwa hiyo hakuna haja ya hofu, ila tahadhari haigharimu kitu. Mionzi hupungua kadiri simu inavyokaa mbali na mwili: mama aongee kwa spika, na wakati wa kulala aiweke mezani. Lakini asiizime. Uchungu ukianza usiku, simu hiyo ndiyo itakayoita gari la kumpeleka hospitali.