Mwenye Sindano si Lazima Awe Daktari

Wakazi wengi wa mji wetu wa Tanga hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi na paka kwa ajili ya panya, lakini ni wachache mno wanaojiuliza mapema watampeleka wapi mnyama huyo atakapougua. Siku hiyo ifikapo, huitwa mtu yeyote apitaye na mkoba. Hatuna budi kulisema jambo hili waziwazi, kwa kuwa madhara yake hayaishii kwa mnyama.

Tunamfahamu jirani mmoja aliyechanjiwa mbwa wake barazani na kijana aliyetoa chupa ya chanjo katika mfuko wa suruali, mchana wa jua kali. Jirani akalipa, akaandikiwa kadi. Miezi michache baadaye mbwa yule akamng'ata mtoto wa nyumba ya pili. Wazazi walipooneshwa kadi wakatulia, wakakaa siku tatu bila kwenda hospitali. Siku ya nne mbwa akatokwa na udenda, akashindwa hata kumeza maji, akafa. Ndipo mtoto alipokimbizwa kuchomwa sindano za kinga, na leo, alhamdulillahi, yu mzima. Lakini siku tatu zile zilipotezwa na kipande cha karatasi. Na kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu siku zote huishia kaburini. Hata kadi iwe ya kweli, aliyeng'atwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Chanjo hiyo hupaswa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Katika joto letu la Tanga, kuibeba mfukoni ni kuiharibu. Basi anayetafuta kliniki ya mnyama wake aanze na jokofu. Aombe kuliona. Aulize: umeme ukikatika, chanjo mnaiweka wapi? Daktari wa kweli hakasirishwi na swali hilo. Akikasirika, mfugaji na ashike kamba ya mbwa wake warudi nyumbani.

Kisha aulize usajili. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inamtaka daktari wa mifugo awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Muuza duka la dawa za mifugo aweza kuwa mtu mwema, lakini kuuza dawa ni kazi moja na kutibu ni nyingine. Wapo waliowapa paka wao parasetamo, dawa tuimezayo sisi kila kichwa kiumapo, kwa ushauri waliopewa dukani. Kidonge kimoja chatosha kumuua paka!

Hatukatai kwamba ukaribu una faida yake. Kumleta paka mgonjwa mjini kutoka Pongwe, kikapuni ndani ya daladala, ni adhabu kwake na kwa abiria pia. Lakini afadhali adhabu hiyo kuliko jirani mwenye sindano asiyejua amchomalo mnyama.

Wapo watakaonung'unika kwamba mbwa ni najisi, ya nini kumtafutia daktari. Sisi nasi tulikaa chuoni mbele ya mwalimu, tukafundishwa kuosha mara saba chombo alicholamba mbwa. Mwalimu yule yule alitusimulia habari za aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. Anayelindwa usiku na mbwa, kisha asubuhi akamnyima chanjo, sijui alisoma chuo gani.

Tunaiomba Halmashauri ya Jiji ibandike katika kila ofisi ya kata orodha ya madaktari wa mifugo waliosajiliwa na mahali walipo, nao mabalozi wa nyumba kumi waisome mbele ya wananchi, kabla ya tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kuta zipo na karatasi ipo. Gundi tutaichangia wenyewe.