Nyumba ya Mjini na Hesabu ya Shamba

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wa karafuu unapomalizika na fedha zikawa mkononi, husikika shauri moja katika vijiji vyetu: tuhamie mjini. Wengine hukusudia Wete au Chake Chake, na wengi macho yao yako Unguja. Hatuandiki kumzuia mtu safari yake. Twaandika kwa sababu twaona wengi hufunga mizigo kabla ya kufunga hesabu, na wazee walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwamba mji unavuta watu si jambo la kubisha. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na watu 893,169, na mikoa yetu yote miwili ya Pemba ilikuwa na watu 543,441. Watu wakizidi mahali pamoja vyumba huwa haba, na kilicho haba hupanda bei. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilijenga Nyumba za Maendeleo pale Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na nyingine zikajengwa huku kwetu. Nyumba hizo zimewafaa wengi, lakini watu wamezidi mno kuliko milango.

Natutoe mfano, nao ni wa kuhesabia tu. Mtu apanga vyumba viwili kwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba ataka kodi ya miezi 6 mbele, yaani shilingi 600,000 kabla kitanda hakijaingia ndani. Kwa mwaka ni shilingi 1,200,000. Kila mwanachama na azigawe fedha hizo kwa bei ya kilo aliyouzia karafuu zake, apate kujua ni kilo ngapi atakazochuma, atakazochambua na kuanika kwa ajili ya mwenye nyumba. Kisha aongeze umeme, maji, mkaa na nauli. Tena aongeze muhogo, ndizi na nazi, vitu ambavyo shamba mtoto hutumwa kuvileta, na mjini hununuliwa kwa fungu.

Nyumba ya shamba nayo ina gharama zake, tusidanganyane. Mchwa hula nguzo, makuti huoza, na masika hubomoa ukuta. Lakini gharama hiyo haigongi mlango kila mwisho wa mwezi. Siku ya kukandika majirani huja na mikono yao, na ukuta ukisimama ni wako, wala hapana mtu wa kukuambia uhame.

Na iko gharama kubwa zaidi isiyoandikwa katika hati ya kodi. Mkarafuu haungoji barua. Karafuu isipochumwa kabla ua halijafunguka, thamani yake imekwisha. Na iliyokwisha kuchumwa ikinyeshewa juu ya jamvi, huharibika. Mwenye shamba aliye mbali hajui siku ya kuita wachumaji, hayuko pishi zinapopimwa, wala hayuko wingu linapotanda. Magugu humea, miche hufa, na mti uliotaka miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa haurudi kwa majuto. Ndipo mtu, akidaiwa kodi, huuza mazao yangali juu ya mti kwa bei atakayopewa. Huyo amelipa nyumba mara mbili.

Lakini haki lazima isemwe. Mama mwenye uchungu wa uzazi usiku wa mvua, na njia imekatika, hawezi kutibiwa kwa kivuli cha mkarafuu. Kijana aliyefaulu skuli hatarajii kuambiwa kwamba hewa safi yatosha. Wanaohama kwa dharura hizi hatuwalaumu hata kidogo. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, nalo lilikuwa jambo kubwa. Jambo moja lililokuwa la mjini lilitusogelea. Yaliyobaki, yaani maji, matibabu na njia nzuri, Chama lazima kiyadai bila kuchoka, kwani nyumba iliyo karibu na huduma hizo ni bora kuliko chumba cha kupanga kilicho karibu na soko.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Fedha ya kwanza ya msimu na itengeneze nyumba ya shamba: bati, sakafu, choo na tangi la kuwekea maji ya mvua. Anayelazimika kwenda mjini kwa skuli au kazi na aende, lakini aache shambani mtu wa nyumbani mwenye dhamana kamili, wala asiweke rehani mikarafuu kwa sababu ya kodi. Na kabla ya kutoa fedha ya chumba, na aje ofisini na daftari lake tukae tuhesabu pamoja. Ushauri hautozwi ada.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umechakaa, ni kweli, basi natuushone.

Katibu wa Chama