Makaratasi Yapo, Tunayakimbia Majina

Msiba ukishatulia, wageni wa mbali wakaondoka na birika la kahawa likaanza kuzunguka kwa mara ya tatu, ndipo ukoo unaposimuliwa. Mzee mmoja hujiegemeza ukutani, hukohoa kidogo, kisha huanza: fulani bin fulani bin fulani, mpaka jahazi linatia nanga kutoka Shirazi, au Barawa, au Hadhramaut. Hapa Bagamoyo nimelisikia jahazi hilo likitia nanga barazani mara nyingi mno. Kwa idadi ya mababu waliopakiwa humo, sijui tanga lake lilikuwa na ukubwa gani.

Kijana akithubutu kuuliza hayo yameandikwa wapi, jibu ni moja: "Sisi hatukuandika, mwanangu. Historia yetu iko vifuani mwa wazee." Baraza zima huitikia kwa vichwa. Akiwepo msomi kati yetu, ataongeza ule msemo wa mzee akifa ni maktaba imeungua, na mazungumzo yamefungwa.

Mimi nasema tumeandika, tena sana, na kwamba imani hii ya kutoandika imedumu kwa sababu inatufaa.

Tuanze na hiyo maktaba. Mwenye msemo ni Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyeusema UNESCO mwaka 1960. Wanaomnukuu husahau kazi aliyokuwa akiifanya: tangu 1942 alikuwa IFAN, taasisi ya utafiti kule Dakar, akikusanya masimulizi ya wazee na kuyatia kwenye karatasi. Alikuwa akihimiza watu waandike haraka. Sisi tumeugeuza wito wake kuwa ruhusa ya kutoandika, na ya kutosoma kilichokwisha kuandikwa.

Na kimeandikwa tangu zamani. Barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilizotoka Kilwa mwaka 1711 ziko Goa, India, hadi leo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa hapa hapa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na sehemu kubwa ya kitabu cha *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten, ilitoka kwake. Humo watumwa, wazalia na mabwana zao wanaelezwa waziwazi, pasipo kuona haya. Miaka mia na ushee baadaye, wajukuu wa mji wake wanapepesa macho.

Lakini tuwaache watu wakubwa. Mimi natetea karatasi ndogo. Daftari la rambirambi, lile la kurasa arobaini na nane ambalo karani wa msiba huandika nani katoa kiasi gani, ni orodha ya ndugu na majirani wa mwaka ule. Karatasi ya majina ya marehemu anayopewa shehe siku ya hitima ni nasaba iliyoandikwa kwa mkono wa familia yenyewe. Hati ya kuuziana shamba ina mashahidi na mipaka minne, na kila mpaka una jina la jirani. Stakabadhi za kodi zipo tangu Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890. Vitu hivi vimelala kwenye masanduku chini ya vitanda, na mwenye sanduku anaapa kuwa ukoo wake hauna maandishi.

Kisha kuna misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Desturi ya Kanisa Katoliki ni kwamba kila anayebatizwa aandikwe: jina, tarehe, wazazi kama wanajulikana, msimamizi, padre aliyembatiza. Baadaye akifunga ndoa, hata kama ni parokia nyingine, taarifa hurudishwa na kuandikwa pembeni mwa mstari ule ule wa ubatizo. Mstari mmoja unaweza kubeba maisha ya mtu toka utoto hadi ndoa. Serikali ya Kijerumani nayo ilitoa makumi ya maelfu ya vyeti vya uhuru kwa watumwa katika koloni lake, ikaamuru watoto wanaozaliwa kuanzia 1906 wawe huru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa mpaka Waingereza walipoufuta mwaka 1922. Mtu aliyezaliwa mtumwa kwa sheria angeweza kabisa kuwa hai siku ya Uhuru 1961. Hiyo si historia ya kale. Ni bibi wa bibi yako.

Hapo ndipo koo zinapokauka barazani. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Walipita hapa wapagazi Wanyamwezi, Wamanyema, Wayao, Wazigua. Walikuwepo Wazaramo, Wakwere na Wadoe, na Washomvi na majumbe wao. Wengine walikuja kwa hiari wakiwa na pembe begani, wengine wakiwa na kamba shingoni. Wengi walibaki, wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Sasa nipitishie barazani, nyumba kwa nyumba, nionyeshe mjukuu wa mjakazi. Hayupo. Mji uliojaa watumwa umeacha wajukuu wa mabwana watupu.

Tabia hii si ya Bagamoyo peke yake. Ng'ambo ya pili, Unguja, maelfu walijiandikisha kuwa Waswahili katika sensa ya 1924. Ilipokuja ya 1931 wakabaki wachache mno. Hakuna maradhi yaliyowaua. Jina "Mswahili" lilikuwa limeanza kunukia utumwa, basi watu wakahamia kwenye majina mengine bila kuhama nyumba. Wenye kuhama wakawa wazee, na wazee ndio tunaoambiwa leo kwamba vifua vyao ndiyo masijala pekee.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi katika nasaba za barazani: hazina wanawake. Bin, bin, bin, kama kwamba wanaume walikuwa wakizaana wenyewe kwa wenyewe. Ukitaka kumwona mama, nenda kwenye jalada la mirathi. Fungu la mke aliyefiwa na mume mwenye watoto ni thumuni, la binti ni nusu ya la mwana wa kiume, na kadhi hawezi kugawa bila kuwataja wote. Mke wa pili aliyesahaulika kwenye hadithi yumo. Binti aliyeolewa Pangani na hakurudi yumo. Na mtumwa aliyeachwa huru akafa bila warithi anatokea pamoja na jina la aliyemwacha, kwa sababu kwa haki ya walaa mali ilimrudia huyo. Sheria ilitaka hesabu, na hesabu haina heshima za baraza.

Wala sioni aibu inatoka wapi. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana wake alizaliwa huru na kurithi sawa na ndugu zake. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said mwenyewe, aliyezaliwa Unguja 1844, mama yake alikuwa suria wa Kicherkasi, naye aliyaandika hayo kitabuni bila kuombwa. Kama jumba la sultani lilistahimili, kijumba chetu cha makuti kitastahimili.

Najua nitakachojibiwa: karatasi nazo hudanganya. Kweli. Karani aliandika alichosikia, na alisikia kwa sikio la kwao. Juma mmoja anaweza kuwa "Djouma" kwa padre Mfaransa na "Dschuma" kwa afisa Mjerumani, ukadhani ni watu watatu. Safu ya kabila mara nyingi ilijazwa mahali mtu alikotekwa, au soko alikouzwa, au lolote lililomjia mwandishi. Umri ni wa kukisia. Anayeisoma karatasi bila kumuuliza mzee atapotea, nami nimepotea mara nyingi. Lakini uongo wa karani na uongo wa mzee hautoki sehemu moja. Karani hakujali kama babu yako alikuwa muungwana au la. Hakuwa na binti wa kuoza kwenu. Ukiweka maneno yao ubavuni, mahali yanapogongana ndipo pa kuchimba.

Imani ya kwamba hatuna kumbukumbu inagharimu. Niliwahi kuingia ofisi moja, sitaitaja, nikakuta majalada ya zamani yamerundikwa uani chini ya bati linalovuja, na mama wa karanga nje ya geti akifungia karanga zake kwa kurasa zenye mihuri. Nilinunua karanga nyingi siku ile. Mtumishi niliyemlalamikia alishangaa kwa nia njema kabisa. "Mzee, haya ya nini? Historia si iko kwa wazee?"

Sasa yangu. Baada ya arobaini ya baba yangu tulifungua sanduku lake, tukakuta hati ya shamba la minazi kwa herufi za Kiarabu. Mimi herufi hizo nazisoma kwa kuvizia, nikampelekea mwalimu wa madrasa. Mipaka ikasomwa: suheli, fulani; matlai, barabara; magharibi, fulani; na upande wa kibla, shamba la mwanamke aliyeachwa huru na babu mzaa babu yangu. Hilo la kibla ndilo tulilorithi sisi. Tangu utoto niliambiwa lilinunuliwa kwa Mwarabu.

Nilikwenda kwa baba mkubwa. Shikamoo, marahaba, kahawa. Nikamsomea. Kwanza akasema mwalimu amekosea kusoma. Kisha akasema karatasi ni ya ukoo mwingine. Kisha akanyamaza muda mrefu, akiutazama mlango, akasema: "Ndiye aliyemzaa babu. Tukiwa wadogo tulikatazwa kulitaja jina lake mbele ya wageni."

Kumbe alikuwa analijua siku zote. Ameniomba nisilichapishe gazetini, nami nimemkubalia, ingawa kalamu imenuna. Ila karatasi ya hitima mwaka huu niliiandika mimi. Shehe alikuwa akisoma mbio, kama kawaida, bin huyu, binti yule, mpaka akafika kwake, akasita, akainua macho juu ya miwani.

"Binti nani huyu?"

Hakuna aliyejibu. Akalisoma hivyo hivyo, peke yake, akaendelea na linalofuata.