Mwenzetu Amenyolewa, Zetu Tuzitie Maji

Ndugu wananchi wa Wete na Pemba nzima,

Wazee wetu walituusia kwamba mwenzio akinyolewa, wewe zako tia maji. Leo twaukumbusha usia huo kwa sababu aliyenyolewa ni jirani yetu, na wembe wenyewe ni uhaba wa maji. Tusipokaa macho, siku zamu yetu itakapofika hatutakuwa hata na hayo maji ya kutia kichwani.

Jirani huyo ni Dar es Salaam. Mji ule, uliohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, sehemu kubwa ya maji yake hutoka katika mto mmoja, Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru. Mwaka ule ule mvua zilipungua, mto ukashuka, na mwishoni mwa Oktoba mji ukatangaziwa maji ya mgao. Mitambo iliyokuwa ikitoa lita milioni 466 kwa siku ikawa inatoa milioni 300 tu. Mwenye pesa alinunua maji ya gari. Asiye nazo alikesha na madumu yake. Mwaka huo ndipo mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda ulipotiwa saini, baada ya kuzungumzwa miaka mingi. Bwawa ni jambo jema, lakini bwawa la kesho halimnyweshi mwenye kiu leo.

Pengine msomaji atasema: "Hayo ni ya bara. Pemba yetu ni kijani, na mvua yetu ni nyingi." Twamjibu kwamba Pemba haina Ruvu. Maji yetu ya mfereji karibu yote hutoka chini ya ardhi, na akiba hiyo haina mlango mwengine wa kuingilia ila mvua inayozama katika udongo. Bahari nayo imetuzunguka pande zote. Katika ardhi ya mawe ya matumbawe, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kiasi cha futi 40 chini yake. Ukiipoteza ile moja ya juu, chumvi yaweza kupanda zile 40 kutoka chini. Kisima kilichokwisha kuingia chumvi hakirudi upesi kuwa kitamu.

Sasa tazameni yanayotokea duniani. Joto la dunia limezidi kwa zaidi ya digrii moja tangu karne ya 19. Kila digrii moja huifanya hewa iweze kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Ndiyo sababu mvua zikija huja kwa kishindo, zikapita juu ya ardhi na kukimbilia baharini kabla udongo haujazinywa. Bahari nayo inapanda. Ndugu zetu wa Kisiwa Panza wameyaona maji ya chumvi yakiingia mashambani, na hapa Pemba mahali palipoingiliwa namna hiyo pamehesabiwa kuwa zaidi ya mia.

Ni nani aliyelikoka jiko hili? Si mchumaji karafuu wa Mtambwe, wala si mvuvi wa Kojani. Afrika yote, pamoja na ukubwa wake, haifikishi asilimia 4 ya moshi unaotoka duniani kila mwaka. Waliotajirika kwa makaa ya mawe na mafuta ndio wenye deni. Novemba 2022, wakati Dar es Salaam ikigaiwa maji, mataifa yalikutana Sharm el-Sheikh huko Misri na kukubali kuanzisha mfuko wa kuzifidia nchi zinazopata khasara. Twasema deni hilo lidaiwe, na lidaiwe bila ya haya. Hatuombi sadaka.

Lakini, ndugu zetu, taifa linalojitawala haliishii katika kudai. Si mgeni anayekata mti uliofunika chemchem. Si mgeni anayeweka msingi wa nyumba katikati ya bonde linalonywa maji ya masika. Shoka ni letu na saruji ni yetu. Sayyid Barghash, aliyetawala mwaka 1870 mpaka 1888, aliuletea mji wa Unguja maji kwa mabomba kutoka chemchem za Bububu. Leo majumba yanazisonga chemchem za upande ule. Je, Wete nayo ingoje mpaka ifike hapo?

Basi twataka mambo manne, na twayasema wazi.

Kwanza, ardhi inayovihifadhi visima vyetu ipimwe na iwekewe mawe ya mipaka, na asijenge humo mtu yeyote. Sheria imuone mkubwa kama inavyomuona maskini. Sheria inayomvunjia nyumba mnyonge na kumpita mwenye cheo si sheria.

Pili, Mamlaka ya Maji itangaze kila mwezi, katika ofisi za masheha, kina cha kila kisima na kiasi cha chumvi yake. Maji ni mali ya umma, na mwenye mali hafichwi hesabu yake.

Tatu, kijiji chenye kisima kinachonywesha mji kipate maji kabla ya mji. Ni aibu mama kubeba ndoo kichwani akipita pembeni mwa bomba linalopeleka maji kwa wengine. Watu wakinyimwa maji, msiwatarajie kuilinda chemchem.

Nne, kila skuli, kila msikiti na kila ofisi ya serikali iwe na birika la kukinga maji ya mvua ya paa lake. Jambo hili halihitaji mkopo wa ng'ambo wala mtaalamu wa kigeni.

Kwa wanachama katika matawi tuna neno moja: msingoje amri. Jumapili hii nendeni mkaitazame chemchem iliyo karibu nanyi. Kama imevuliwa miti, pandeni. Kama kuna anayejenga juu yake, mwambieni, na asiposikia, mpelekeni kwa sheha.

Masika yangali yanakuja, na udongo wetu ungali unajua kunywa. Tuuwachie nafasi ya kunywa, ili watoto wetu nao wapate kunywa.